Timu ndogo na mizunguko mifupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watengenezaji wa bidhaa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu ni wa watu wanaotengeneza bidhaa wakiwa wachache: vijana watano wanaoandika programu ya simu Kisumu, mafundi wa jua kali wanaounda mashine, kikundi kinachojenga mfumo wa ushirika. Mifano miwili inajirudia. Wa kwanza ni mfumo wa kuandika maziwa ya ushirika upande wa Njoro: karani anapima, mfugaji anapata ujumbe kwa simu, mwisho wa mwezi analipwa. Wa pili ni kikaushio cha omena kinachotumia jua, kwa wachuuzi walioko ufuoni.

Mzunguko mfupi ni nini hasa?

Ni kipindi kisichobadilika, wiki moja hadi nne, ambacho timu inachagua kazi chache, inazimaliza, na kumpa mtumiaji kitu anachoweza kukitumia. Wengi huuita sprinti. Siku ikifika, mzunguko umeisha. Hauongezwi siku mbili ili kiporo kiishe. Kazi ambayo haikuisha inarudi kwenye orodha na kushindana upya na nyingine.

Uzito wote uko kwenye neno "inazimaliza". Timu nyingi zinafanya vikao vyote na ubao wao umejaa vikaratasi vya rangi, yaani kadi, kila kadi ikiwa kazi moja, lakini kila baada ya wiki mbili wana kazi sita ambazo "zimebaki kidogo tu". Karani wa maziwa hawezi kutumia kilichobaki kidogo. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndipo timu nyingi zinapoangukia.

Mtindo huu ulitoka wapi? Si wa waandika programu tu?

Hapana. Mwaka 1986 watafiti wawili Wajapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika kuhusu timu zilizounda vitu vya kushikika: mashine ya kunakili ya Fuji-Xerox, kamera ya Canon, gari la Honda. Walizifananisha na timu ya raga inayosonga na mpira kwa pamoja, picha ambayo shabiki wa Nakuru au Kakamega hahitaji kuelezwa. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waandika programu wa Marekani, wakachukua jina la Scrum kutoka mchezo huohuo wakaupa utaratibu wao wa mizunguko mifupi, na wakauwasilisha hadharani mwaka 1995. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko fupi la kanuni zinazoshirikiwa na Scrum na mitindo mingine ya aina hii. Fundi wa kuchomelea ana haki nazo sawa na mwandika programu.

Timu iwe na watu wangapi?

Watano hadi saba hufanya kazi vizuri. Mwongozo wa Scrum wa 2020 unasema kumi au pungufu. Sababu ni hesabu: watu 4 wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili, watu 7 wana 21, na watu 10 wana 45. Kila njia ni mahali ambapo habari inaweza kupotea.

Muhimu kuliko idadi ni kwamba timu iwe na ujuzi wote wa kumaliza kazi bila kwenda kuomba nje. Timu ya mfumo wa maziwa isiyo na mtu anayejua jinsi vitabu vya ushirika vinavyofungwa mwisho wa mwezi itakwama, hata ikiwa na waandika programu wanane.

Timu "kujipanga yenyewe" maana yake hakuna bosi?

Bosi yupo, ila mipaka ya uamuzi inawekwa wazi. Timu inaamua nani afanye nini, kwa njia gani, na ichukue kazi ngapi kwenye mzunguko. Haiamui bajeti, mishahara, sheria, wala lengo la bidhaa. Andikeni mipaka hiyo kwenye karatasi moja na kuibandika kando ya ubao. Isipoandikwa, timu itadhani ina uhuru isiokuwa nao, au itaomba ruhusa hata ya kununua misumari.

Kuna jambo la huku kwetu linalohitaji uangalifu. Mkubwa akishasema, kijana aliyetoka chuoni juzi hatampinga mbele za watu, na hiyo ni adabu, si woga. Lakini huenda yeye ndiye anayejua kwamba wazo halitafanya kazi. Dawa ni utaratibu: kila mtu aandike maoni yake kwenye karatasi kabla ya yeyote kuzungumza, mdogo asome kwanza, mkubwa asome mwisho. Heshima inabaki, na timu inapata ukweli.

Nani awe mwenye bidhaa? Mwenyekiti wa ushirika anafaa?

Mwenye bidhaa ni mtu mmoja anayepanga foleni ya kazi: ipi ya kwanza, ipi isubiri, ipi ifutwe. Anafaa akiwa na sifa tatu: anawajua watumiaji, ana idhini ya kukataa ombi, na anapatikana kwa timu angalau saa moja kila siku. Mzee mwenyekiti kwa kawaida ana sifa mbili za kwanza na anakosa ya tatu, kwa kuwa yuko mikutanoni. Basi amteue meneja au karani mkuu na atangaze mbele ya kamati kwamba neno la huyo ndilo neno. Bila tangazo hilo, kila mjumbe wa kamati atampigia fundi simu kivyake.

Kamati haiwezi kuwa mwenye bidhaa. Inaweza kushauri, lakini foleni inapangwa na mtu mmoja.

Mzunguko wetu uwe wa wiki ngapi?

Anzeni na wiki mbili. Wiki moja inafaa pale msipojua kabisa mtumiaji anataka nini. Wiki nne ni ndefu mno kwa timu changa, kwa sababu kosa la siku ya tatu linagunduliwa siku ya ishirini na tano.

Kisha angalieni kalenda ya mtumiaji. Wafugaji hulipwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo sehemu ya malipo hamwezi kuiona ikifanya kazi kweli kila wiki mbili. Msingoje. Katikati ya mwezi fanyeni malipo ya majaribio ya kiasi kidogo kwa watu watano waliokubali, mwone makato ya dawa na chakula cha mifugo yanakokotolewa sawasawa. Kwenye omena kikwazo ni kikubwa zaidi, maana uvuvi wake Ziwa Victoria upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Mpango unaoweka majaribio makubwa Mei umeshaanguka kabla ya kuanza. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo mtihani wa haki: samaki wapo na jua ni la kubahatisha.

Kazi kubwa tunaikataje? Kwetu kila kitu kinategemea kingine.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kosa la kawaida ni kukata kwa tabaka: wiki mbili za hifadhidata, wiki mbili za skrini, wiki mbili za ujumbe. Kila tabaka peke yake halimfai mtu yeyote, na tatizo linaonekana mnapoyaunganisha, wiki ya sita.

Kateni kama mnavyokata keki, kipande chembamba kinachopita tabaka zote. Chukua kazi "mfugaji apate ujumbe wa lita alizoleta". Kipande cha kwanza: karani mmoja, kituo kimoja, maziwa ya asubuhi pekee, anaandika namba ya mfugaji na lita, ujumbe unatoka. Akikosea, anarekebisha kwenye daftari lake kama kawaida. Kipande cha pili: kurekebisha kosa ndani ya simu. Cha tatu: maziwa ya jioni. Cha nne: mtandao ukipotea, simu ihifadhi na itume baadaye. Cha tano: kituo cha pili. Kila kipande kinatumika siku hiyohiyo, na mara nyingi baada ya cha pili karani atawaambia jambo linalobadilisha cha tatu.

Kipimo: kipande kimoja kiweze kumalizwa na mtu mmoja au wawili kwa siku moja hadi tatu. Kikizidi hapo, kateni tena. Kinachosaidia kukata ni maswali haya: tunaweza kuanza na mtumiaji mmoja? Siku moja ya wiki? Bila kurekebisha makosa? Na sehemu moja ikifanywa kwa mkono?

Hilo la mkono linaokoa muda mwingi. Mazingira ya majaribio ya M-Pesa, yaani Daraja, yako wazi kwa kila mwandika programu, lakini ruhusa ya kugusa pesa halisi huombwa, na siku zake haziko mikononi mwenu. Ombeni kwenye mzunguko wa kwanza. Wakati mnasubiri, mfumo utoe orodha ya malipo na mhasibu alipe kama alivyozoea. Kazi haisimami.

Tutajuaje kwamba kazi imeisha?

Kwa orodha ya masharti mliyokubaliana kabla ya kuanza, ambayo ni ileile kwa kila kazi. Kwa mfumo wa maziwa inaweza kusema: mtu mwingine kwenye timu ameusoma msimbo, yaani maandishi ya programu; imejaribiwa kwenye kabambe (simu ya vitufe) na kwenye simu janja ya bei nafuu, si kwenye kompyuta tu; imejaribiwa mtandao ukiwa umezimwa; hakuna namba halisi za wafugaji kwenye majaribio, ili kulinda taarifa zao kwa mujibu wa moyo wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; karani mmoja ameitumia bila kuelekezwa.

Masharti mazuri hutokana na makosa yaliyokwisha kutokea. Mfano ni ujumbe mfupi. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160. Lakini ukiandika "ng'ombe" kwa alama ya juu iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia hupachika zenyewe, ujumbe wote unabadilika na kubeba herufi 70 tu. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu, na gharama inakuwa mara tatu kwa kila mfugaji kila siku. Sharti: alama iwe ile iliyonyooka, na urefu uhesabiwe na mashine kabla ya kutuma.

Mfano mwingine ni malipo. Jibu la M-Pesa linaweza kuchelewa au lisifike. Programu ikichukulia kimya kuwa ni kushindwa na kutuma tena, mfugaji analipwa mara mbili, na kurudisha pesa hiyo ni kazi ya wiki. Sharti: muamala usiojibiwa uulizwe hali yake kwanza, usirudiwe.

Vikao vyote hivi havitakula muda wa kazi?

Fanyeni hesabu. Kwa wiki mbili: kupanga saa 3, kikao cha asubuhi dakika 15 kwa siku 9, jumla saa 2 na dakika 15, kuchambua kazi zijazo saa 2, kuonyesha kazi kwa watumiaji saa 1 na nusu, kujitathmini saa 1 na nusu. Jumla ni saa 10 na robo kati ya 80, karibu asilimia 13. Kama ninyi mnatumia zaidi ya hapo, kikao kimojawapo kimegeuka baraza. Mara nyingi ni kile cha kupanga, kwa sababu kazi zililetwa zikiwa mbichi.

Kikao chetu cha asubuhi kimekuwa cha kutoa ripoti kwa meneja. Turekebishe vipi?

Simameni mbele ya ubao na mzungumzie kadi, msizungumzie watu. Anzeni na kadi iliyo karibu kuisha: "Hii imebakiza nini? Nani anasaidia iishe leo?" Kisha rudini nyuma hadi zile zilizoanza jana. Meneja anaweza kusikiliza, ila akae nyuma ya duara ili watu wasimwangalie yeye. Mazungumzo yanayohitaji watu wawili yaendelee baada ya dakika 15, wengine wakiwa wameondoka.

Na msitoze faini ya kuchelewa kama kwenye chama. Faini inamfanya mtu aone amelipia kosa lake, na kesho atachelewa bila wasiwasi. Afadhali mbadilishe saa. Kama watu wanatoka mbali na matatu za asubuhi hazitabiriki, saa tatu na nusu ni bora kuliko saa mbili.

Kwa nini kadi zetu zinakaa wiki tatu ilhali kila mtu ana shughuli?

Kwa sababu mmeanza nyingi mno. Kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: muda wa wastani wa kazi kukaa ndani ni idadi ya kazi zilizo ndani, gawanya kwa zinazotoka. Kama mnamaliza kadi 4 kwa wiki na kadi 12 ziko wazi, kila kadi itakaa wiki 3, hata mkikesha. Punguzeni zilizo wazi ziwe 4, na muda unashuka hadi wiki 1 kwa nguvu ileile.

Timu ya watu watano iwe na kadi tatu au nne wazi kwa wakati mmoja. Ndiyo, mtu mmoja au wawili watakosa kadi yao. Wakamsaidie mwenzao, wajaribu kazi yake, au waandike maelezo ya karani. Wiki ya kwanza hili linaudhi, hasa mafundi wazuri waliozoea kila mmoja kulima shamba lake.

Tunakadiria vipi kazi? Tutumie pointi?

Pointi, yaani namba za kukadiria ukubwa wa kazi, si lazima. Mkishakata kazi ziwe za siku moja hadi tatu, hesabuni kadi tu. Mizunguko mitatu iliyopita mlimaliza 7, 9 na 6. Chukueni 6 au 7 kwenye ujao. Msilinganishe idadi hiyo na ya timu nyingine, wala msiifanye kigezo cha marupurupu. Ikishakuwa kigezo, kadi zitakatwa ndogondogo ili hesabu ipande na bidhaa itabaki palepale.

Bidhaa yetu ni ya chuma. Hatuwezi kuchomelea kikaushio kipya kila wiki mbili.

Wala hamhitaji. Kuchomelea kuje mwisho. Kila mzunguko ujibu swali moja gumu kwa nyenzo ya bei ya chini kabisa inayoweza kulijibu.

Mzunguko wa kwanza: je, hewa inapita? Sanduku la mbao, mabati yaliyopakwa rangi nyeusi chini, plastiki ya vitalu vya nyanya juu, trei moja ya wavu. Swali la pili: inakausha haraka kuliko njia ya sasa? Pimeni kilo 1 ya omena mbichi ndani ya sanduku na kilo 1 kwenye wavu ulioanikwa chini, siku ileile, saa ileile. Pimeni zote kila saa kwa mizani ya digitali ya jikoni hadi uzito uache kushuka. Kulinganisha leo na jana hakufai, jua si lilelile. Swali la tatu: mchuuzi anaweza kupakia na kupakua trei peke yake? Hilo linajibiwa na mwanamke anayeuza omena, siku ya kazi, mikono ikiwa na magamba, si na fundi akiwa karakanani.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni tundu la kutolea hewa kuwa dogo kuliko la kuingizia. Mvuke unakwama, unageuka matone chini ya plastiki na kudondokea samaki. Kwenye mbao mnapanua tundu kwa msumeno kwa dakika kumi. Kwenye chuma kilichochomelewa mnapoteza siku na mabati.

Mteja anataka bei na tarehe kabla hatujaanza. Tusaini mkataba wa aina gani?

Fungeni pesa na muda, acheni mpangilio wa kazi wazi. Kwa mfano: mizunguko sita ya wiki mbili, bei moja kwa kila mzunguko, malipo ndani ya siku saba baada ya kuonyeshwa kazi. Mteja anaweza kubadilisha foleni kila mzunguko unapoanza, na anaweza kusimamisha kwa notisi ya siku 14 akabaki na kila kilichokwisha kutengenezwa, pamoja na msimbo. Kifungu hicho cha mwisho kinawatuliza wateja waliowahi kuachwa na mfumo nusu. Mfadhili anayetaka ripoti ya robo mwaka mpeni orodha ya vitu vinavyotumika tayari, na nani anavitumia.

Mkubwa akileta dharura katikati ya mzunguko?

Mwenye bidhaa ndiye anayeipokea. Ikiingia, kazi yenye ukubwa kama huo inatoka, na kadi yake inaondolewa ubaoni mkubwa akiona. Dharura zikija kila mzunguko, acheni nafasi ya kadi moja au mbili kwa ajili yake.

Wawili wako Nakuru, watatu Kisumu. Itawezekana?

Itawezekana kama ubao ni mmoja, wa mtandaoni, na hakuna uamuzi unaofanywa chai ikinywewa Kisumu kisha Nakuru wakausikia keshoye. Mmoja akiwa kwenye simu, wote wawe kwenye simu. Siku ya kupanga ikiwezekana kutaneni ana kwa ana. Kericho iko njiani kwa pande zote mbili. Kwa siku za umeme kupotea, mlezi wa timu, yule anayesimamia utaratibu na kuondoa vikwazo, apige picha ubao kila jioni na kuituma kwa wote.

Kikao cha kujitathmini kiko kimya. Watu wanasema "mambo ni sawa" tu.

Mara nyingi ni kwa sababu waliwahi kusema na hakuna kilichobadilika. Chagueni badiliko moja tu kila mzunguko, liandikwe kama kadi, liwe na mtu, liingie kwenye foleni pamoja na kazi nyingine. Kikao kijacho kianze na swali moja: lile la juzi lilifanyika? Na yaliyosemwa humo yasitumike kamwe kwenye tathmini ya mfanyakazi. Yakitumika mara moja, kimya hicho hakitavunjika tena.

Kazi yetu ni kurekebisha hitilafu za kila siku. Tunahitaji mizunguko?

Pengine hapana. Kazi inayokuja bila ratiba inafaa Kanban, mtindo uliotokana na viwanda vya Toyota: ubao, kikomo cha kadi zilizo wazi, na kuvuta kazi mpya pale moja inapoisha.

Tumechelewa. Tuongeze watu?

Karibu kila mara hilo litawachelewesha zaidi. Fred Brooks alilieleza mwaka 1975: wageni wanahitaji kufundishwa, na wanaowafundisha ni walewale waliochelewa. Toeni kazi kwenye foleni kwanza.

Tutajuaje kwamba bidhaa yenyewe haifai na tuache?

Kabla ya mzunguko wa kwanza andikeni alama ya kuachia, yenye namba na tarehe. Kwa maziwa: baada ya mizunguko minne, karani bado anaandika daftari kwanza na simu baadaye. Kwa kikaushio: wachuuzi watano walioazimwa sanduku, na wiki ya pili ni mmoja tu anayelitumia bila kukumbushwa. Alama ikifika, timu ikae na mwenye bidhaa siku hiyohiyo, iwaulize watumiaji wale sababu, na iamue kama kuna kipande kimoja cha kujaribu kwa mzunguko mmoja zaidi. Kama hakipo, rudisheni pesa iliyobaki, mkabidhi msimbo au michoro, na muwaeleze wafugaji au wachuuzi wenyewe, uso kwa uso, kwa nini mnasimama.